"Ni stresi tu": hiyo "tu" ndo imenikera

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Langoni, Lamu. Nimelifupisha lakini maneno ni yake:

"Daktari, nina miaka 38 na watoto watatu. Mwaka wa pili huu namuuguza mavyaa wangu, alipigwa na kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Mimi ndo namgeuza, mimi ndo namuosha, usiku akikohoa mimi ndo huamka. Alfajiri nakaanga mahamri ya kuuza. Mume wangu ana boti ya wageni na kazi yenyewe imekuwa ya kubahatisha. Sasa yapata miezi saba naamka nimechoka kuliko nilivyolala, nikipanda ngazi hadi juu lazima nikae chini nipumue, mikono mizito kama si yangu. Nimepimwa malaria, sukari, presha, wingi wa damu, vyote sawa. Nikaambiwa ni stresi tu, nipunguze mawazo. Jirani asema ni kijicho. Swali langu ni moja: mawazo yako kichwani, yatamalizaje nguvu za mikono?"

Dadangu, pole sana, na pole na uguzi. Swali lako ni zuri kuliko jibu ulilopewa. Hilo neno stresi mimi sina ugomvi nalo, huenda aliyekwambia yuko sawa kabisa, ugomvi wangu ni na hiyo "tu" aliyoibandika mwishoni, manake "tu" yakwambia kwamba hakuna kitu kinachotokea mwilini, ni wewe na kichwa chako. Na kinachotokea ni kingi mpaka sijui nianzie wapi.

Basi nianze na punda.

Mimi nimekulia Mkomani, sasa hivi nafanya kazi Malindi, lakini nikija nyumbani bado napenda kukaa pale jeti asubuhi kuangalia punda wa saruji. Boti imefunga, mifuko yashushwa, punda wapakiwa kwenye shogi, huku mfuko huku mfuko, wakata Usita wa Mui wapanda vichochoroni mpaka kwenye nyumba inayojengwa. Pale wapakuliwa. Warudi jeti mgongo mtupu. Wapakiwa tena. Ukihesabu punda ni sita, saba hivi, lakini jioni nyumba imepokea mifuko mia na kitu, na mtu asiyejua angedhani walikuwa punda hamsini na zaidi.

Nguvu ya mwili wako yatembea hivyo hivyo. Chakula ulichokula, mahamri, mbaazi, samaki, hakiendi kwenye msuli moja kwa moja. Chakula ni shehena ya botini. Kinachobeba nguvu mpaka kwenye kazi ni kitu kidogo kiitwacho ATP, huyo ndo punda, na mahali anapopakiwa ni ndani ya seli kwenye vijumba vinavyoitwa mitokondria. ATP ikifika kwenye kazi yashusha mzigo wake, yarudi tupu, yapakiwa upya. Mwili wako saa hii una ATP isiyozidi robo kilo, ndo hiyo yote, lakini kwa vile kila moja yapiga safari mamia kwa siku, ukijumlisha zilizopakiwa kuanzia asubuhi hadi usiku uzito wake wakaribia uzito wako wewe mwenyewe. Tena hakuna ghala, yaani huwezi kuiweka ATP ya kesho. Jeti ikisimama dakika chache tu mtu amekufa, na ndio maana oksijeni ikikatika ubongo hausubiri, ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini watumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote ukiwa umekaa tu.

(Hizo mitokondria kwa taarifa yako umezirithi kwa mamako peke yake, babako hana mchango hapo. Zina DNA yao ndogo, jeni 37, mbali na ile ya kawaida, kwa sababu hapo zamani za kale zilikuwa bakteria waliojitegemea wakaingia kuishi ndani ya seli nyingine wakakaa moja kwa moja. Lishike hilo la ubakteria, tutalirudia.)

Sasa tuje kwako, saa nane ya usiku. Umelala, mavyaa akohoa chumba cha pili. Kabla hujajua umeamka, ubongo ushaituma habari kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na ndani ya sekunde adrenalini iko kwenye damu. Moyo wadunda, pumzi yakuwa fupi, misuli ya shingo na mabega yakaza, ini lafungua akiba yake ya sukari laimwaga kwenye damu, tumbo laambiwa lingoje. Halafu kwa nyuma, polepole, yaja homoni ya pili, kotisoli, hiyo hufika kileleni baada ya dakika 20, 30 hivi, na kazi yake ni kuhakikisha sukari haiishi kama vita vitakuwa virefu. Wewe wakati huo ushampa maji, ushamgeuza, umerudi kitandani, watazama dari. Vita vimekwisha, lakini kotisoli ndo kwanza yapanda.

Na hapa ndo penye kitu ambacho hunishangaza kila nikikisoma japo nakijua: kotisoli yenyewe yatengenezewa ndani ya mitokondria. Yaanza kama kolestroli, kolestroli hiyo yaingizwa ndani ya mitokondria za ile tezi yakatwa, yatoka nje yafanyiwa kazi nyingine, yarudishwa ndani kumaliziwa. Kwa hivyo usiwe waniambia mawazo yako kichwani. Yalianza kichwani sawa, lakini hatua ya pili tu yako jeti.

Hayo yote niliyoyataja ni kazi, na kazi yalipwa kwa ATP. Moyo uliodunda umelipa, ini lililomwaga sukari limelipa, protini zilizotengenezwa kwa amri ya kotisoli zimelipiwa. Kuna jaribio lilifanywa na watu wa Columbia University kule New York, likatoka 2023, walichukua seli za ngozi za binadamu wakaziweka maabara wakazipa dawa ya jamii ya kotisoli mfululizo, sio mara moja, mfululizo kwa muda mrefu. Seli ya ngozi haina mavyaa, haina deni, haina mawazo. Lakini matumizi yake ya nguvu yalipanda kwa kama asilimia 60 na zikazeeka haraka kuliko zile zilizoachwa. Ni seli kwenye sahani, sio mtu mzima, lakini hilo ndo jibu la swali lako kwa ufupi: nguvu zako hazijaibiwa na wala hazijaisha, zatumika. Punda wako wote wameitwa kujenga ukuta wa kumzuia adui, adui haji, ukuta waendelea kujengwa, na nyumba yako mwenyewe yavuja na hakuna fundi.

Maana bajeti ina mwisho wake. Moyo na ubongo hazingoji, hizo hulipwa kwanza. Kinachokatwa ni matengenezo, yaani kurekebisha misuli, kusawazisha ngozi, kinga, hedhi kwenda kwa mpango, hamu ya chumbani, usagaji wa chakula. Ndo maana mwenye stresi ya muda mrefu nywele zamtoka, kidonda hakiponi upesi, mafua hayamwishi, na mambo mengine ambayo hasemi mpaka umuulize. Zamani hizo mwaka 1936 mtafiti Hans Selye aliona kwa panya wake kwamba ukiwasumbua kwa njia yoyote ile, baridi, upasuaji, kukimbizwa kupita kiasi, miili yao yaharibika kwa mtindo ule ule, zile tezi za juu ya figo zavimba, tumbo lapata vidonda. Alikuwa hajui habari ya mitokondria lakini jambo aliliona.

Kuna watafiti waliokwenda kuwatafuta watu kama wewe hasa. Mwaka 2018 Martin Picard na Elissa Epel na wenzao walilinganisha kina mama wanaolea mtoto mwenye usonji na kina mama ambao watoto wao hawana tatizo, kama tisini hivi kwa jumla, wakawatoa damu wakapima mitokondria za chembe nyeupe zafanya kazi kiasi gani. Za kina mama walezi zilikuwa chini. Na kila usiku waliulizwa siku yao ilikuwaje, na waliokuwa na furaha zaidi, hasa zile siku za kabla ya kutolewa damu, mitokondria zao zilikuwa afadhali. Ni utafiti mdogo na hauthibitishi kwamba furaha ndo iliyozipa nguvu. Lakini mimi nilipousoma nilikumbuka mwaka niliomshughulikia marehemu babangu alipougua figo, nilikuwa daktari mzima na nikashindwa kupanda ngazi za jengo la kazini bila kushika ukuta, nikapimwa kila kitu, mwenzangu akaniambia "pumzika bwana". Ningepumzikia wapi? Hakuniambia.

Sasa ile habari ya bakteria. Mwaka 2019 watu wazima wenye afya zao walipewa dakika chache tu za kujitetea kwa kosa la kusingiziwa, kwamba umeiba dukani, jitetee. Nusu saa baadaye walipopimwa damu, vipande vya DNA ya mitokondria vinavyoelea nje ya seli vilikuwa vimeongezeka. Maneno matupu hayo, hakuna aliyeguswa. Na kwa vile DNA hiyo ina asili ya bakteria, askari wa mwili wakiikuta inaelea mahali pasipo pake waweza kushtuka wakidhani kuna uvamizi. Na askari wakishtuka hutoa zile kemikali zinazotolewa ukiwa na homa. Wajua homa inavyokufanya, hutaki kula, hutaki kuongea na mtu, viungo vizito, wataka giza na shuka. Huo sio uvivu wa homa, ni ubongo wenyewe waamua kuzima matumizi ili nguvu iende kwenye vita. Stresi ya miezi na miezi huwasha kitu cha namna hiyo kwa moto mdogo, moto wa makaa yaliyofunikwa majivu, kipimo cha malaria hakitakuonyesha.

Kwa hivyo kuhusu hiyo mikono mizito sitakudanganya nikwambie seli zako zimezimika kama taa. Kuna watu wauza vidonge na unga wa "kuchaji seli" kwa maneno hayo hayo, na kuna dripu za nguvu za rangi ya manjano, pesa yako ya mahamri iache kwenye kibeti. Ukishikwa mkono na ukaambiwa sukuma, nina hakika wasukuma vizuri tu. Kilicho kizito ni gharama, ubongo wapiga hesabu kila unapotaka kuinua ndoo na wasema hii leo ni ghali. Uzito huo wausikia kweli, sio wa kubuni.

Kahawa nayo niiseme, manake Lamu bila kahawa chungu jioni sio Lamu. Ile A ya ATP ni adenosini. ATP ikitumika sana ubongoni, adenosini yajilimbikiza, na ndo moja ya vitu vinavyokuletea usingizi, ni kama risiti za kazi ya siku nzima. Kahawa hailipi risiti hata moja. Yakalia tu kiti cha adenosini ili ubongo usizione, na nusu yake bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha baada ya magharibi bado kina mkono wake usiku wa saa tano. Kunywa asubuhi, hata viwili. Na mumeo kama huwa atafuna muguka akiwa amekaa na boti yake hakuna wageni, mwambie kwa upole ni hesabu hiyo hiyo, tena kwa riba.

Basi ufanye nini.

La kwanza kabisa, simalizi faili lako. Kuambiwa damu iko sawa hakutoshi kwa mwanamke wa miaka 38 mwenye hedhi. Wingi wa damu waweza kusomeka sawa na akiba ya madini ya chuma ikawa imekwisha, na chuma hicho hakifanyi kazi kwenye damu peke yake, ndani ya mitokondria mle kuna vituo kadhaa ambavyo bila chuma haviendi. Omba kipimo kinaitwa ferritini. Omba na cha tezi ya shingo, thairoidi. Na cha mimba, usicheke, nimeshawahi kutafuta ugonjwa wiki tatu kumbe ni mtoto. Kama pale hospitali ya kaunti hawana hivyo viwili vya mwanzo, wakupe karatasi upimiwe Mombasa au huku Malindi. Na ukiona umepungua uzito bila kutaka, au kikohozi hakiishi, au jasho la usiku, au kifua chabana ukipanda ngazi, usingoje jibu langu, nenda siku hiyo hiyo.

La pili nakuuliza wewe mwenyewe na ujijibu kwa ukweli. Wiki hizi mbili zilizopita, vile vitu ulivyokuwa wavipenda, harusi, kusuka, gumzo la barazani, vimekosa ladha? Au hata mwanao akikuchekea wahisi kama uko nyuma ya kioo? Wajiona mzigo? Umewahi kuwaza ni heri usiamke? Kama jibu ni ndiyo basi hii sio stresi ya kawaida tena, huenda ni depresheni, na ina matibabu, ya mazungumzo na ya dawa, na uchovu wa mwili ni mojawapo ya dalili zake kubwa kabisa hapa kwetu, manake watu wetu hawasemi "nina huzuni", wasema "mwili wauma". Na hilo la mwisho, la kutotaka kuamka, likikujia usikae nalo peke yako hata usiku mmoja, mwamshe mtu, nendeni hospitali.

Jirani wa kijicho usigombane naye. Kusomewa Qur'ani kukikutuliza ni jambo jema, mpigo wa moyo washuka na pumzi yatulia, mimi nakuunga mkono. Ila karatasi ya vipimo iende pamoja nawe.

La tatu ndo gumu. Usingizi. Walala saa ngapi, saa tano? Waamka saa nane kwa mavyaa, saa kumi waumua unga. Hapo hakuna homoni itakayorudi mahali pake. Kotisoli yatakiwa iwe chini kabisa katikati ya usiku na ipande alfajiri, wewe yako umeipindua. Nauliza, hao wifi zako wako wapi? Mavyaa ni mama yao. Sisemi umtelekeze, Mungu atakulipa kwa hayo, nasema usiku mbili kwa wiki, mbili tu, mwingine alale chumba kile na wewe ulale nyumba nyingine kabisa, kwa mamako, kwa shoga yako, mahali ambapo akikohoa husikii. Maana ukilala nyumba ile ile hata akiamka mwingine masikio yako yako kazini. Mumeo amwite ndugu yake, kaeni chini, na asiseme "mke wangu amechoka", aseme daktari ameandika. Neno hilo laweza kutumika, nakuruhusu.

Halafu kutembea, na hapa najua waniona nimerukwa na akili, mtu hawezi ngazi nimwambie atembee. Lakini mitokondria huongezeka kwa kutumika. Mtafiti John Holloszy alilionyesha hilo 1967 kwa panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa, misuli yao ikaongeza uwezo wa kutumia oksijeni takribani mara mbili, na kwa binadamu imeonekana hivyo baadaye. Chukua ile njia ya pwani ya kwenda Shela, baada ya alasiri jua likipoa, maji yakiwa yamekupwa. Usiende mpaka Shela, ni kilomita tatu na kurudi ni tatu. Dakika kumi, geuka. Wiki ijayo kumi na mbili. Na uende na mtu wa kuongea naye mambo ya upuuzi. Ukiona kila ukitembea wadondoka kitandani siku mbili tatu, acha, usijilazimishe, niandikie, kuna ugonjwa wa uchovu ambao mazoezi huuzidisha na huo hutibiwa kwa njia nyingine.

Ferritini ikirudi iko chini utapewa vidonge vya chuma. Vitakufanya choo cheusi, usiogope. Usivinywe na chai, chai huzuia chuma kisiingie, najua mahamri bila chai ni dhambi, kwa hivyo kidonge kiwe saa mbili kabla au saa mbili baada, na maji ya ndimu. Na usivianze kabla ya kipimo, nataka nione namba ya kwanza.